Mizani Mkononi mwa Mkulima
Ndugu wana Simiyu, maendeleo ya vijiji vyetu hayakuanza mwaka 2012 Bariadi ilipokuwa makao makuu ya mkoa. Miaka ya 1950 wazee wetu wa Usukuma, wakichoka kupunjwa kwenye mizani ya pamba, walijiunga katika ushirika pamoja na Paul Bomani; mwaka 1955 vyama vyao vikaunda shirikisho la Victoria. Mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vya ushirika, mizani ikaenda mikononi mwa wengine hadi sheria ya 1982 ilipovirudisha. Chama hufutwa, ujuzi wa kupima na kuhesabu haufutwi. Kwa hiyo mchango wako mwaka huu utaanzia kwenye daftari la hesabu la vikundi vya kina mama na vijana, kabla ya mkopo.