Saa ya Kuimba, Wakubwa kwa Wadogo

Mwaka 1528 ulitolewa mwongozo wa kukagua sharika na shule za Saxony, huko Ujerumani. Mwandishi wake hasa alikuwa Philipp Melanchthon, naye Martin Luther akauandikia dibaji. Ndani yake mna agizo dogo: kila siku, saa ya kwanza baada ya adhuhuri, watoto wote wa shule, wakubwa kwa wadogo, wafundishwe kuimba. Hawakuchaguliwa wenye sauti nzuri. Walitajwa wote. (Wote maana yake wavulana, shule hizo za Kilatini hazikuwa na nafasi ya wasichana.)

Luther aliyajua haya tangu utoto. Akiwa mwanafunzi huko Eisenach aliimba milangoni mwa watu pamoja na wenzake ili wapate chakula, kama ilivyokuwa desturi ya wanafunzi wa siku zile. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani waanzishe shule, akasema kwamba kama angekuwa na watoto, wangejifunza lugha na historia, na pia kuimba na muziki pamoja na hesabu. Mwaka huohuo Johann Walter alitoa kitabu cha nyimbo za sauti kadhaa, na Luther akaeleza katika dibaji kwamba zimepangwa hivyo kwa ajili ya vijana.

Kwa nini sauti kadhaa? Katika nyingi ya nyimbo hizo Walter aliiweka tuni yenyewe katika sauti ya tatu, ya wanaume. Kwa hiyo mtoto aliyeimba sauti ya kwanza, ile inayosikika juu ya zote, hakuibeba tuni. Aliipamba tuni iliyobebwa na mwingine. Ilimpasa asikilize. Akipaza mno, anawafunika wenzake. Akinyamaza, anaacha pengo. Sijui somo jingine la darasani linalomfundisha mtoto hayo mawili kwa pamoja, tena bila kuhubiriwa.

Lakini ahadi ya "wote" ni ngumu kuitunza. Miaka 200 baadaye, J. S. Bach alikuwa mwalimu wa uimbaji katika shule ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, ambayo wanafunzi wake walihudumia makanisa makuu ya mji. Mwaka 1730 aliwaandikia wakuu wa mji kulalamika, akawagawa wanafunzi: 17 wanafaa, 20 bado, na 17 hawafai kabisa. Ninamwelewa; Jumapili ilikuwa ikimngoja. Hata hivyo, mtoto aliyewekwa katika fungu la tatu alikuwa ameingia shule iliyofuata Matengenezo yaleyale.

Kutoka Leipzig hiyohiyo wamisionari walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na katika shule walizoanzisha watoto walifundishwa kuimba. Leo kwaya zetu zina mashindano, sare na rekodi, nami nazifurahia. Ila wapendwa, katika mazoezi ya kwaya za watoto nimesikia mara nyingi mtoto akiambiwa, "Wewe huna sauti, kaa pembeni." Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, kinataja waimbaji 288 wa hekalu. Zamu zao zilipangwa kwa kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi wake.