Maandishi ya Jirani katika Nchi ya Mara

Tangu Turwa, penye mji wa Tarime, hata Mugumu katika wilaya ya Serengeti, historia ilikaa kwanza vinywani mwa wazee. Wakuria, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye, Watatoga na Waluo, kila watu walikuwa na masimulizi yao ya asili, ya njia walizopita wahenga, na ya vilima na vijito walivyovikuta. Shule na misheni zilipoenea katika karne ya 20, baadhi ya waliojua kusoma na kuandika wakaanza kuyatia masimulizi hayo katika madaftari. Hawakuwa na mpiga chapa wala mnunuzi. Msomaji wao wa kwanza alikuwa rafiki au jirani.

Jambo hili lastahili kuangaliwa, maana wengi hudhani kwamba maandishi huokolewa na mtambo wa chapa. Lakini kabla ya chapa huwako mtu mmoja aliyezisoma kurasa za mwenzake, akaitambua thamani yake, akakataa kuziacha zioze sandukuni.

Mfano ulio wazi uko karibu, katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa hilo hilo upokeao maji ya Mto Mara. Huko Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watemi, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Rafiki yake, Padre Almas Simard kutoka Canada, alikuwa amemtia moyo kuandika, naye akaanza kuifasiri kazi hiyo kwa Kifaransa. Padre akafariki kabla ya kuimaliza, na mswada ukalala miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafika Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte. Walipoujua mswada ule walimhimiza mzee aufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, naye akafanya hivyo ingawa ugonjwa wa viungo ulikuwa umemlemaza. Tanzania Publishing House ikakitoa kitabu mwaka 1980, lakini mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Hapa yaonekana nguvu ya rafiki, na udhaifu wake pia. Kazi iliyobebwa na mtu mmoja husimama siku mtu huyo anapoondoka. Miaka 35 ilipita kati ya kuandikwa na kuchapwa, na thamani ya kazi haikupungua wala kuongezeka katika muda wote huo. Kilichokosekana ni mikono ya kuipokezana.

Katika nchi ya Mara mikono hiyo ilikuwa mingi kidogo. Huko Iramba, katika Ungoreme, Philipo Haimati alishirikiana na P. Houle kuandika Mila na Matendo ya Wangoreme, mwaka 1969. Upande wa Ikizu, P. M. Mturi na S. Sasora waliandika historia ya Ikizu na Sizaki, mwaka 1995. Wakati huo mwanahistoria Jan Bender Shetler wa Marekani alikuwa akifanya utafiti katika nchi hiyo. Angaliweza kuyatumia maandishi ya wenyeji kama mali ghafi ya kitabu chake mwenyewe, kama walivyofanya wageni wengi kabla yake. Badala yake aliyakusanya yakachapwa Leiden mwaka 2003, kwa Kiswahili cha waandishi wenyewe pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kadhalika mwaka 2010 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa, kwa uhariri wake, historia ya Zedekia Oloo Siso juu ya kuhama kwa Waluo na Wabantu hata kaskazini ya Mara. Jina lake la Kiingereza lina maana ya kuishika ngao barabara, kwa kuwa safari ni ngumu.

Lililo jema katika kazi hizo ni kwamba jina la mwenye maandishi halikupotea. Walakini kitabu kilichochapwa Leiden hakifiki Mugumu kwa wepesi, na mjukuu wa mwandishi aweza kukosa kukisoma.

Kuna sababu nyingine ya kusomana. Historia za asili hugusa ukubwa wa koo na haki ya ardhi. Daftari lililosomwa na mwenyewe tu halina wa kulisahihisha, na likiokotwa baadaye peke yake, neno la ukoo mmoja huwa neno la nchi nzima. Likipita mikononi mwa majirani, Mngoreme husoma la Mnata, Mkuria husoma la Mluo, na kila mmoja hutia neno lake. Kiswahili ndicho kiliwawezesha kusomana hivyo, kwa kuwa lugha zao za nyumbani ni mbalimbali.

Basi haifai kazi hiyo kuachiwa wageni peke yao, ijapokuwa waliifanya kwa uaminifu. Mwalimu aliyeazimwa daftari na mzee, au kijana aliyelikuta katika mali ya baba yake, ana deni la kulinakili, kulisoma mbele ya wengine, na kulitaja jina la aliyeliandika. Mchwa hawangoji mtafiti.