Ada: Neno Lililosahauliwa na Wafasiri

Neno la Kiingereza custom lina maana mbili ambazo mfasiri wa Kiswahili huzitenga bila kusita: desturi ya watu, na ushuru wa bidhaa bandarini. Hata hivyo si maneno mawili yaliyofanana kwa sadfa. Ni neno moja, lenye asili katika Kilatini consuetudo, yaani mazoea, lililoingia Uingereza kwa njia ya Kifaransa cha kale. Ndugu yake aliyepitia Italia, costume, akaishia kuwa vazi.

Kinachoziunganisha maana hizo ni hoja ya utawala. Mfalme wa zama za kati alipotaka fedha, haja yake pekee haikutosha kuwa hoja. Dai lilipata nguvu likionekana limezoeleka tangu enzi. Ndiyo maana Magna Carta ya 1215 iliwakinga wafanyabiashara na tozo za dhuluma, ikaziacha zile za kale zilizo halali, nazo ikaziita consuetudines.

Mwaka 1275, kwa ridhaa ya bunge, Edward wa Kwanza alianza kutoza shilingi 6 na peni 8 kwa kila gunia la sufu lililopelekwa ng'ambo. Makarani waliiita nova custuma: desturi mpya! Ilipofika 1303, wafanyabiashara wa kigeni wakaongezewa tozo nyingine, na ile ya 1275 ikavishwa joho la uzee, ikawa antiqua, ya kale, kabla haijatimiza miaka 30. Hiyo ndiyo tozo ambayo mshairi Geoffrey Chaucer aliajiriwa kusimamia hesabu zake katika bandari ya London, 1374. Mtozaji mwenyewe aliitwa customer, neno ambalo leo ni mteja.

Sasa, consuetudines za Magna Carta tuziite nini? Tukisema "ushuru", tunaipoteza hoja ya ukale. Tukisema "desturi", fedha zinatoweka. Naona jibu tunalo katika ada. Kwa Kiarabu ni mazoea; kwetu ni mazoea na malipo pia. Tunasema "mila na ada", na mzazi huyohuyo hulipa ada ya shule. Katikati ya hizo mbili ipo ada ya kungwi: fedha hasa, lakini hutolewa kwa sababu tu imezoeleka kutolewa.