Bei na Ushindani katika Uhunzi wa Gusii

Katika historia ya uchumi wa Afrika Mashariki, mhunzi hutajwa mara nyingi kama fundi aliyeshindwa na jembe la dukani. Kauli hiyo ina ukweli wake, ila inaficha swali muhimu: alishindwa katika kazi ipi, na kwa bei gani? Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuangalia nyanda za juu za Gusii, yaani Kisii na Nyamira za leo.

Lugha yenyewe ni shahidi wa kwanza. Katika Ekegusii mhunzi huitwa omoturi, wingi wake abaturi. Kikuyu nacho kina mũturi. Mzizi huohuo ndio uliokipa Kiswahili kitenzi kufua, kama katika kufua chuma. Sauti t ya Kibantu cha kale iligeuka f mbele ya u funge katika Kiswahili, ilhali Ekegusii na Kikuyu, lugha zenye irabu saba, ziliihifadhi. Kutokana na kitenzi hicho tunalo pia neno fuawe, chombo ambacho juu yake chuma hugongwa. Mzizi huu peke yake hauthibitishi tarehe ya kuanza kwa uhunzi, lakini waonyesha kwamba msamiati wa kazi ni wa wenyeji. Neno bei, kwa upande wake, limetoka katika Kiarabu. Haifai kudhani kwamba kabla ya neno hilo kufika bara watu hawakujua kupimana thamani.

Walijua vema. Katika karne ya 19 Abagusii na majirani zao Wajaluo walibadilishana bidhaa mipakani. Kutoka milimani ziliteremka nafaka, hasa wimbi, pamoja na zana za chuma. Kutoka nchi ya chini walipanda ng'ombe na mbuzi, na chumvi pia. Mhunzi wa Gusii hakuwa peke yake sokoni, kwani wahunzi wa Samia, kaskazini ya Ghuba ya Winam, walisifika kwa majembe yao. Mnunuzi wa nchi ya chini aliweza basi kulinganisha. Tena mkuki mmoja haukuweza kuwa na thamani ileile ya mbuzi mwaka wa neema na mwaka wa njaa. Ndani ya thamani hiyo mlikuwamo chuma, makaa, jasho la mvukutaji, na juu ya yote ujuzi wa fundi.

Katika silaha, mkuki ulibaki kuwa kazi kuu ya mhunzi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwekea mipaka uingizaji wa bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, na serikali ya kikoloni iliendelea kuzidhibiti. Kwa hiyo ufundi wa bunduki haukupata nafasi ya kukua Gusii. Matokeo yake yalionekana katika mapambano ya 1905 na 1908. Januari 1908 Otenyo alimjeruhi kwa mkuki ofisa wa Kiingereza, Northcote. Jeshi lililotumwa kulipiza kisasi lilikuja na bunduki. Ushindani huo haukuamuliwa na ubora wa kazi ya fundi, bali na mamlaka yaliyoamua nani amiliki chombo gani.

Ushindani wa majembe ulikuja kwa njia nyingine. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na baada ya kituo cha serikali kuanzishwa Kisii mwaka 1907, maduka ya Wahindi yalikita mizizi. Jembe la kiwandani lilitengenezwa kwa maelfu, likasafirishwa kwa reli na meli, likauzwa kwa sarafu. Hapo mhunzi alibanwa pande mbili. Kwanza, makaa na siku zake za kazi havikuweza kupunguzwa hata bei yake ilingane na ya duka. Pili, kodi ya kibanda ilizidi kuifanya fedha taslimu kuwa ya lazima, na mteja mwenye mbuzi hakumtatulia mhunzi haja hiyo moja kwa moja.

Hata hivyo kazi haikufa yote. Duka liliuza jembe la namna moja kwa watu wote. Halikuweza kuuza kisu kilichopimwa kwa mkono wa mwenyewe, wala kunoa shoka lililokatika, wala kutia mpini upya. Vyuma vikuukuu, pamoja na springi za magari, vilimwondolea fundi taabu ya kuyeyusha mawe. Hivyo mhunzi aliacha soko la wingi akashika soko la agizo, ambamo mteja hulipia kufaa kwa kitu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya, iliyotolewa mwaka 1972, ilizitambua kazi ndogondogo za aina hii kuwa sehemu halisi ya uchumi, na baadaye jina jua kali likazienea.

Funzo kwa mwanalugha ni dhahiri. Mhunzi anapoacha kuyeyusha mawe, maneno ya tanuri huanza kumtoka kinywani. Mwanawe hurithi koleo na nyundo, lakini hasikii tena jina la kila hatua ya moto. Kamusi zikisubiri, zitakuta neno limekwisha kwenda na mwenye nalo. Kuyakusanya maneno hayo ni kuhifadhi pia hesabu iliyokuwa ndani yake: ni nini kilichohesabiwa kuwa kazi, na kazi hiyo ilistahili malipo gani.