Jehanamu ilivyofika Kericho, na ukoo uliohukumiwa kwa jina lake

Mwaka 2024 ilitimia miaka 90 tangu serikali ya kikoloni ipitishe sheria ya kuwaondoa Malaibon, kama maafisa walivyowaita viongozi wa kiroho wa ukoo wa Talai; sheria hiyo iliung'oa ukoo mzima katika nchi ya Wakipsigis na kuupeleka Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Wazee waliozaliwa huko uhamishoni wangali hai. Watoto na wajukuu wao wanaishi Kericho, wengine katika vibanda vilivyosongamana kwenye ardhi wasiyo na hati yake, huku mashamba ya chai yakitanda mpaka upeo wa macho.

Katika milima hiyohiyo, kila Jumapili, kuanzia Kipkelion hadi Bomet, wahubiri hufundisha kwamba kila mtu atasimama peke yake mbele za Mungu na kujibu kwa yale aliyoyachagua mwenyewe. Baba hatamjibia mwana, wala mwana hatamjibia baba. Fundisho hilo na sheria ile vilikita mizizi Kericho katika muongo mmoja, vikiletwa na watu wa rangi moja waliosoma Biblia moja, na havipatani hata kidogo. Historia ya jinsi Wakipsigis walivyofundishwa habari za hiari, hukumu na jehanamu haiwezi kuandikwa kwa haki bila kuutaja ukoo wa Talai.

Tuanze kabla ya misheni. Waandishi wawili wa zamani ndio wanaotufaa hapa. Wa kwanza ni Ian Orchardson, mlowezi aliyeishi miaka mingi Kericho na ambaye kitabu chake kuhusu Wakipsigis kilichapishwa 1961. Wa pili ni J. G. Peristiany, msomi aliyechapisha chake mwaka 1939. Wote wawili wanaeleza jamii iliyomwomba Mungu mmoja, Asis, aliyehusishwa na jua. Karibu na mlango wa nyumba, upande wa mashariki, palisimikwa mabwaita, madhabahu ya matawi ya miti maalumu, na hapo ndipo familia ilipofanyia ibada zake tangu kuzaliwa kwa mtoto hadi ndoa.

Katika imani hiyo haki ya Mungu ilitimia hapahapa duniani. Mtu akiua, ukoo wake ulitoa ng'ombe kwa ukoo wa aliyeuawa. Mtu akila kiapo cha uongo, kifo kilitarajiwa kumpata yeye au jamaa zake, hata wale ambao hawakuwapo siku ya kiapo. Dhambi ilikuwa deni la nyumba nzima, na deni lisipolipwa na baba, lilimngoja mjukuu. Ulikuwa mfumo mkali, lakini ulikuwa na hekima yake: kila ukoo uliwachunga watu wake, kwa sababu kosa la mmoja lingewagharimu wote.

Waliokufa hawakwenda motoni. Walibaki karibu, wakiwa roho za jamaa. Mtoto alipozaliwa, akina mama walikusanyika kwa ibada ya kurenet: wakayataja majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na mara nyingine mtoto alitiwa ugoro puani. Jina lililotajwa mtoto akapiga chafya, ndilo lililokuwa lake. Mzee aliyekufa amerudi nyumbani. Hakuna nafasi ya jehanamu katika chumba hicho, maana yule ambaye mhubiri angesema anaungua, yumo mikononi mwa mama yake, amefunikwa ngozi, analia njaa.

Mhubiri alifika mwanzoni mwa karne ya 20. Willis Hotchkiss, Mmarekani wa madhehebu ya Quaker, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1895 pamoja na kundi la kwanza la Africa Inland Mission. Mwaka 1902 alikuwa mmoja wa watatu walioanzisha misheni ya Kaimosi, na miaka michache baadaye akahamia kwa Wakipsigis, ambao Waingereza waliwaita Walumbwa, akafungua misheni ya kufundisha kazi za mikono na Injili. Katika miaka ya 1930 kazi yake ilichukuliwa na Wamarekani wa shirika ambalo leo huitwa World Gospel Mission. Hao ndio waliojenga Tenwek, na kwao likatoka kanisa la Africa Gospel Church. Africa Inland Mission nao walikuwa Litein. Wakatoliki walikuja na mapadri wa Mill Hill, na Waanglikana wakawahudumia kwanza walowezi wa chai.

Wamisheni wa Tenwek walikuwa watu wa mkondo wa Utakatifu, wafuasi wa John Wesley. Hilo lina uzito wake. Ugomvi kuhusu hiari ya mwanadamu ni mkongwe kuliko madhehebu yote ya Kericho. Augustino wa Hippo alibishana na wafuasi wa Pelagio katika karne ya 5. Sinodi ya Dort, Uholanzi, mwaka 1618 na 1619, iliwakataa wafuasi wa Arminius waliosema kwamba mtu anaweza kuipokea au kuikataa neema. Mwaka 1739 Wesley alihubiri kwamba Mungu anayewachagua wachache na kuwaacha wengine waangamie kabla hawajazaliwa hawezi kuitwa mwenye haki. Rafiki yake George Whitefield alimjibu kwa maandishi, na urafiki wao ukatikisika.

Mlima wa Tenwek ulirithi upande wa Wesley. Neema ni ya wote, lakini kila mtu aichukue mwenyewe. Ndiyo maana ibada ilimalizikia kwa mwito: mtu atoke kwenye kiti chake, aje mbele, apige magoti, aungame. Na aliyeokoka aweza kurudi nyuma, akapotea tena, kwa kuwa hiari yake haikuondolewa siku ya kuokoka. Walokole wengine, hasa wenye asili ya Kibaptisti na Kipresbiteri, walishikilia kwamba aliyeokolewa kweli hapotei kamwe. Tofauti hiyo ingali inazua mjadala hadi leo pale jamaa wa makanisa mawili wanapoketi kwenye matanga ya mtu aliyeacha kwenda kanisani miaka yake ya mwisho.

Kwa Mkipsigis wa miaka ya 1930, mwito huo ulikuwa jambo geni sana. Kijana asiye na ng'ombe, msichana anayetaka kusoma, mjane, wote waliambiwa kwamba wanaweza kuamua jambo kuu kuliko yote bila idhini ya ukoo. Huo ulikuwa uhuru, na watu wengi waliupenda kwa moyo wote. Bei yake ilikuwa jehanamu. Anayeweza kuchagua mema peke yake, ataadhibiwa peke yake.

Swali zito lilikuwa la mababu. Wamekufa bila kusikia jina la Yesu; wako wapi? Si swali la Wakipsigis tu. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Ukambani mwaka 1931, alilichambua fundisho la mwisho wa dunia miongoni mwa Wakamba waliofundishwa na Africa Inland Mission. Katika kitabu chake cha 1971 alisikitika kwamba mbingu na moto vilifundishwa kana kwamba ni mahali pa kuonekana kwa macho, na maana ya ndani ikaachwa. Upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1964 kwamba wasioijua Injili bila kosa lao wenyewe, nao wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, wanaweza kuupata wokovu. Katekisimu ya 1992 ikaieleza jehanamu kuwa hali ya mtu kujitenga na Mungu kwa uamuzi wake mwenyewe. Kwa hiyo Wakatoliki na watu wa Wesley, pamoja na tofauti zao nyingi, wanakutana hapa: bila hiari hakuna hukumu ya haki.

Sasa turudi kwa Talai.

Ukoo huu ndio uliotoa Orkoiyot, kiongozi wa mambo ya roho na utabiri, miongoni mwa Wanandi na Wakipsigis. Kimnyole arap Turukat aliuawa na Wanandi wenyewe mwaka 1890, wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Wanawe wawili wakagawana njia. Koitalel arap Samoei alibaki Nandi, akaongoza upinzani dhidi ya reli na Waingereza, akapigwa risasi na Kapteni Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, siku aliyokwenda kwa mazungumzo ya amani. Kipchomber arap Koilegen alihamia kwa Wakipsigis. Mwaka 1914 serikali ilimhamisha yeye na wenzake kutoka Kericho, naye akafia uhamishoni.

Chai ilikuwa imeanza kuitazama Kericho. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya Brooke Bond ilifika, na baada yake African Highlands, tawi la James Finlay. Ardhi ya miinuko yenye mvua karibu kila alasiri ikawa mali ya thamani. Wakati huohuo maafisa waliwaona Malaibon kuwa chanzo cha wizi wa mifugo na uchochezi. Sheria ya 1934 haikumtaka mwendesha mashtaka athibitishe kwamba mtu fulani ameiba ng'ombe fulani. Kilichotosha ni kuwa wa Talai. Wanaume, wake zao, watoto, wakongwe, mamia ya watu, waliondolewa katika miaka iliyofuata na kufungiwa Gwassi, nchi ya joto, mbu na mbung'o. Watu wa baridi ya milimani walikufa huko kwa malaria, na mifugo yao ikafa. Waliruhusiwa kurudi uhuru ulipokaribia, wakakuta ardhi yao imekwisha kupandwa chai au ina watu wengine.

Mtoto aliyezaliwa Gwassi alizaliwa mfungwa. Alikuwa amechagua nini? Serikali iliyojiita ya Kikristo iliikejeli imani ya Wakipsigis kwamba kosa la baba huwaangukia watoto, kisha yenyewe ikaliandika jambo lilelile katika sheria, kwa ukali ambao kokwet, baraza la wazee wa mtaa, lisingeufikia. Wazee wa kokwet wangetoza ng'ombe na kutafuta suluhu. Serikali iliufunga ukoo kwa karibu miaka 30.

Sura ya 18 ya kitabu cha Ezekieli inazungumzia jambo hili hasa. Nabii anawakataza Waisraeli kusema kwamba watoto wanalipia makosa ya wazazi, na anasisitiza kwamba kila nafsi itajibu kwa matendo yake. Sura hiyo ilikuwamo katika Biblia ya kila afisa na kila mlowezi aliyeketi kanisani Kericho.

Yaliyofuata yanajulikana. Dkt Ernest Steury alifika Tenwek mwaka 1959, na zahanati ya wauguzi ikakua kuwa hospitali inayofanya upasuaji wa moyo. Makanisa yalipata viongozi wenyeji. Dayosisi Katoliki ya Kericho iliundwa 1995, na Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu likatabarukiwa mwaka 2015. Mahubiri ya jehanamu yamehamia kwenye redio za Kikalenjin na vipaza sauti vya siku ya soko, na mchumaji wa chai huyasikia akiwa na kikapu mgongoni, vidole vikikata majani mawili na kichipukizi.

Lakini tabia ya kuhukumu kwa jina la ukoo haikuondoka na Mwingereza. Mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa 2008, katika ghasia zilizohusiana na uchaguzi, watu walifukuzwa na kuuawa Londiani, Kipkelion na kwenye mashamba ya chai kwa sababu ya kabila lao. Waliofanya hivyo wengi wao walikuwa wamebatizwa. Walikuwa wamefundishwa tangu shule ya Jumapili kwamba kila mtu hubeba mzigo wake mwenyewe, kisha wakamtwika jirani mzigo wa kura ambazo hakuzipiga wala kuzihesabu.

Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali mwaka 2019 kwamba Wakipsigis na Talai walitendewa dhuluma ya kihistoria. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza mwaka 2021, na mwaka 2022 jamii hizo zilipeleka malalamiko yao katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Mashamba yenyewe yameanza kubadili wamiliki, kampuni moja ikiiuzia nyingine.

Naamini kwamba fundisho la hiari ni zawadi kubwa kuliko zote ambazo wamisheni walizileta katika milima hii. Limewatoa wasichana kwenye ndoa walizochaguliwa na limewapa maskini heshima ya kusimama mbele za Mungu bila wakala. Ila limehubiriwa nusu. Mlevi ametishwa na moto, na kijana mwasherati pia. Walioandika sheria ya 1934, na wanaokula matunda yake, hawajasikia mahubiri kama hayo. Jehanamu isiyomhusu mwenye nguvu ni fimbo ya kuwachapia wanyonge, na Mungu wa haki hahusiki nayo.

Wachungaji, mapadri na maaskofu wa Kericho na Bomet wana sauti ambayo hakuna wakili wa Strasbourg aliye nayo. Waitumie. Waweke Jumapili moja ya mwaka kuwaombea waliofia Gwassi, wasome Ezekieli 18 mbele ya wabunge na magavana wanaopenda kuketi viti vya mbele, na wadai kwa jina la Mungu kwamba familia za Talai zipewe ardhi yenye hati. Wazee waliozaliwa uhamishoni wanapungua kila mwaka. Haki yao ipatikane wakiwa hai.