Barua, Ardhi na Viwanja vya Ndege vya Durban

Katika mwaka wa 1937, mtu wa Lindi aliyebahatika kusimama pwani kwa saa iliyo yake angaliona ndege kubwa ya majini ikishuka juu ya maji ya bandari kama mwari aonaye samaki, ikatulia kitambo, kisha ikainuka tena kuelekea kusini, ikapita Msumbiji, Beira na Lourenço Marques, hata ikafika katika ghuba ya Durban, ambako safari iliyoanzia Southampton, ikaufuata mto Nili, ikagusa Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam, ilipata mwisho wake. Abiria wake walikuwa wachache, na nauli yao haikutosha hata kidogo kuirusha. Kilichoirusha ni barua; kwa maana tangu mwezi wa Juni mwaka ule Uingereza na serikali za himaya yake ziliafikiana kwamba barua ya kawaida, kwa peni moja na nusu kwa kila nusu wakia, isafiri kwa ndege bila nyongeza ya ada, na upungufu wa kampuni ya Imperial Airways ufidiwe na hazina za serikali.

Naanza na barua kwa kuwa, kwa rai yangu, taarikhi ya viwanja vya ndege vya Durban haisomeki vema bila ya hizo. Serikali ilinunua kwanza mwendo wa barua angani, na kwa muda mrefu mahali pa kutua palihesabiwa kuwa ni shughuli ya mji.

Mambo yalikuwa hivyo tangu 1929, wakati Meja Allister Miller, rubani wa vita vikuu vya kwanza, alipoanzisha kampuni ya Union Airways kwa ndege tano ndogo aina ya Gipsy Moth na ruzuku ya serikali ya pauni 8,000 kwa mwaka, ili apeleke mifuko ya posta kutoka Port Elizabeth hadi Cape Town, Johannesburg na Durban. Ruzuku ile ilikuwa haba kwa kazi nzito kama ile, na ajali za mwaka 1931 zikaidhoofisha kampuni, hata tarehe 1 Februari 1934 serikali ikaitwaa, ikaipa jina la South African Airways na kuiweka chini ya idara ya Reli na Bandari. Mwaka uliofuata shughuli zake zikahamishiwa kiwanja cha Rand, karibu na Johannesburg, penye dhahabu. Nayo Durban ikawa na kiwanja chake cha Stamford Hill, kaskazini ya mji, hatua chache kutoka baharini.

Italia ilipoingia vitani mwezi wa Juni 1940 na njia ya Bahari ya Kati ikafungwa, ghuba ya Durban, iliyokuwa mwisho wa safari, iligeuka kuwa mwanzo: ndege za majini ziliondoka hapo, zikapanda kwa pwani yetu hadi Misri, zikapinda kama upinde kupita India, zikaelekea Sydney. Na ng'ambo ya ghuba, juu ya kilima cha Bluff, walikaa watu ambao msomaji wa Kiswahili hana budi kuwajua, yaani Wazanzibari wa Durban, wengi wao kwa asili Wamakua, uzao wa watumwa waliokombolewa na manowari za Kiingereza na kuletwa huko tangu 1873. Wao walikuja kwa njia ya bahari, bila hiari yao, katika safari iliyochukua siku nyingi. Na sasa mbele ya macho yao barua kutoka pwani walikotoka babu zao ziliteremka kutoka mawinguni.

Baada ya vita ndege za nchi kavu zilizidi ukubwa, na Stamford Hill haikuzitosha. Mwaka 1951 kilifunguliwa kiwanja cha Louis Botha, mahali paitwapo Reunion, katika bonde tambarare la kusini, chenye njia ya kurukia ya mita 2,400 hivi. Katika miaka ya sitini, Wazanzibari wa Bluff waling'olewa kwa sheria ya ubaguzi wa makazi, wakahamishiwa Chatsworth. Siwezi kuyaandika mambo haya mawili katika kurasa mbalimbali, maadamu dola iliyokuwa na uwezo wa kusawazisha bonde kwa ajili ya ndege ndiyo iliyoona watu wale hawastahili kilima chao.

Njia ya Louis Botha nayo ikawa fupi kwa ndege nzito zilizojaa mafuta na mizigo. Mwaka 1973 kazi ya kusawazisha ardhi ilianzishwa La Mercy, kaskazini, lakini uchumi ulipolegea ilisimamishwa, na ardhi ile ikakaa bila ndege kwa zaidi ya miaka thelathini. Kazi ilirejewa 2007, na tarehe 1 Mei 2010, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia, kiwanja cha King Shaka kikafunguliwa, chenye njia ya mita 3,700, kwa gharama ya mabilioni ya randi, chini ya kampuni ya viwanja ambayo serikali iliiunda 1993.

Kampuni hiyo ilirithi viwanja vya dola. Haikurithi Virginia, kiwanja kidogo kilichofunguliwa 1959, ambacho njia yake, isiyofika kilomita moja, imelala kati ya barabara kuu na mchanga wa pwani. Hapo husomea marubani, hapo hutua helikopta na ndege za watu wachache, na hapo bado mji ndio mwenye mali na mwenye mzigo, kama ilivyokuwa desturi tangu enzi za barua. Mara kwa mara husemwa katika baraza la mji kwamba ardhi ile iliyo kando ya bahari, kwa thamani yake, ingefaa zaidi kwa majumba na maduka. Mimi siafiki. Mabilioni yaliyotumika La Mercy yalikuwa haki kwa nchi inayofanya biashara na dunia, lakini kijana wa Durban anayetaka kushika usukani wa ndege kwa mara ya kwanza hawezi kuanzia katika njia ya mita 3,700, baina ya ndege kubwa za abiria. Huanzia Virginia, penye lami fupi, upepo wa bahari na mwalimu kando yake.