Jinsi ya kujikinga na majeraha unapoanguka na baiskeli kwenye miteremko ya Kericho na Bomet

MAENEO yanayokuza majani chai katika kaunti za Kericho na Bomet yana miteremko mikali, mvua karibu mwaka mzima na barabara nyingi za udongo na changarawe. Hali hiyo huwafanya waendeshaji baiskeli kuanguka mara kwa mara, hasa alasiri mvua inapokuwa imenyesha.

Kuanguka hakuwezi kuzuiwa kabisa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya anayeinuka akiwa amechubuka goti na anayepelekwa hospitalini akiwa amevunjika mkono. Mchumaji wa majani chai hufanya kazi kwa mikono miwili, na kadhalika anayekamua ng'ombe. Mfupa wa kifundo cha mkono ukivunjika, huenda akafungwa plasta kwa wiki 6 hivi, na katika kipindi hicho mapato ya nyumbani hupungua au hukatika.

Kwa hivyo, jambo la kwanza la kuzingatia ni hili: unapoanguka, usitangulize kiganja.

Silika humwamuru mtu anayepoteza mizani anyooshe mkono ili ajizuie. Mkono ulionyooka hauna mahali pa kujikunja, hivyo uzito wote wa mwili hupitia kwenye kiganja, ukapanda hadi kifundo, kiwiko na bega. Ndiyo sababu mifupa inayovunjika mara nyingi kwa waendeshaji baiskeli ni ile ya kifundo cha mkono na mtulinga, yaani mfupa ulio kati ya shingo na bega.

Mwili uangukeje?

Baiskeli inapoteleza na kulala ubavu, shikilia usukani kwa mikono yote miwili na ukunje viwiko. Acha paja, nyonga na upande wa bega vipokee kishindo kwa zamu. Kishindo kinachosambaa katika sehemu pana yenye nyama huumiza kidogo kuliko kinachokita mahali pamoja.

Ukirushwa mbele kupitia juu ya usukani, achilia baiskeli. Inamisha kidevu kifuani, pinda mgongo na ujikunje ili ubingirike kutoka bega moja kuelekea nyonga ya upande wa pili. Usijaribu kusimama kabla mwili haujatulia.

Unapopanda mlima na baiskeli ikakosa nguvu na kuanza kurudi nyuma, teremka upande wa juu wa mlima, kwani huko ardhi iko karibu zaidi na mguu wako.

Hayo yote hutokea kwa muda usiofika sekunde moja, na hakuna awezaye kuyafikiria wakati huo. Hufaa kuyazoeza mapema kwenye nyasi laini, kwanza ukiwa umepiga magoti bila baiskeli, kisha baiskeli ikienda polepole.

Kasi huamua uzito wa jeraha

Ufundi wa kuanguka una mipaka yake. Mwili unaokwenda kilomita 30 kwa saa hubeba nguvu mara 4 ya unaokwenda kilomita 15 kwa saa. Kugonga kitu kigumu ukiwa na kasi ya kilomita 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 3 na nusu.

Hata mabingwa hawasalimiki. Suleiman Kangangi, mmoja wa waendeshaji baiskeli mashuhuri zaidi wa Kenya na nahodha wa Team Amani, alifariki Agosti 27, 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya Vermont Overland nchini Marekani, yanayofanyika katika barabara za changarawe.

Kwa sababu hiyo, punguza kasi kabla ya kufika kwenye kona, wala si ukiwa ndani yake. Tumia breki zote mbili kwa upole. Breki ya mbele ikikazwa ghafla kwenye tope au changarawe, gurudumu hukwama na mwendeshaji hutupwa chini. Sogeza makalio nyuma ya kiti na uweke pedali zote mbili katika usawa mmoja. Jihadhari na majani makavu ya mikaratusi yaliyolowa, pamoja na majani chai yaliyomwagika karibu na vituo vya kukusanyia, kwani huteleza.

Aliyebeba mtungi wa maziwa au mzigo wa nyasi kwenye keria ana hatari zaidi, kwa vile uzito humsukuma kwenye mteremko. Kwenye mteremko mkali, heri ashuke na kuikokota baiskeli.

Michai si godoro

Wengi hudhani kwamba mtu akishindwa kuidhibiti baiskeli, ni salama ajitupe kwenye shamba la majani chai. Kwa mbali michai huonekana kama zulia laini. Lakini chini ya majani hayo machanga mna matawi magumu yaliyosongamana. Shamba lililopogolewa karibuni ni hatari zaidi, kwa kuwa visiki vyake vimekatwa na ncha zake zaweza kuchoma jicho, shingo au tumbo.

Kati ya barabara na shamba pia huwa kuna mtaro wa kupitishia maji. Gurudumu la mbele likiingia humo, mwendeshaji hurushwa. Afadhali kuilaza baiskeli kwenye ukingo wenye nyasi, ikiwa upo.

Matayarisho kabla ya safari

Vaa helmeti iliyokaa sawa juu ya paji la uso, ukanda wake ukiwa umefungwa. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 na Jake Olivier na Prudence Creighton wa Australia, uliohusu majeruhi zaidi ya 64,000, ulionyesha kuwa helmeti huambatana na upungufu wa asilimia 69 wa majeraha mabaya ya kichwa. Helmeti iliyokwisha kugonga chini kwa nguvu isitumiwe tena.

Kagua raba za breki kila wiki, kwani tope huzila upesi. Hakikisha pia ncha za usukani zimezibwa. Bomba la chuma lililo wazi huweza kupasua tumbo la anayeliangukia. Glavu nene na suruali ndefu hupunguza michubuko.

Baada ya kuanguka

Ondoka barabarani kwanza, maana lori laweza kutokea konani. Lakini ikiwa mtu analalamikia shingo au mgongo, au hajitambui, asisogezwe ovyo isipokuwa kuna hatari ya kugongwa.

Osha vidonda kwa maji safi na sabuni, kisha uulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo ukitapika, ukisinzia kupita kawaida, ukichanganyikiwa au kichwa kikizidi kuuma. Fanya vivyo hivyo usukani ukikugonga tumboni na maumivu yakaendelea, hata kama hakuna kidonda, kwa maana ini au wengu huweza kuvuja damu ndani kwa ndani.

Maumivu kwenye shina la kidole gumba yasipuuzwe wala kukandwa tu. Huenda kuna mfupa mdogo uliopasuka, na usipotibiwa mapema waweza kukosa kuunga vizuri. Hospitali za kaunti za Kericho, Kapkatet na Longisa, pamoja na hospitali ya Tenwek iliyo karibu na mji wa Bomet, ni miongoni mwa zinazohudumia majeruhi katika eneo hilo.